Nataka kunyoosha pua, naogopa kupoteza pumzi

SWALI: Assalaam alaikum daktari, shikamoo. Mimi ni mwalimu wa madrasa hapa Tanga, Makorora, nina miaka 27. Nilipokuwa darasa la nne nilianguka na baiskeli nikavunjika pua. Nyumbani walinikanda kwa maji ya moto, ikaishia hapo. Tangu siku hiyo pua imepinda kushoto na ina nundu katikati, na usiku tundu la kushoto linaziba. Nimejiwekea fedha ninyooshwe pua, na papo hapo nipunguziwe na mabawa ya pua. Lakini binamu yangu alifanyiwa nje ya nchi miaka miwili iliyopita. Pua yake ilitoka nzuri, miezi ya mwanzo alikuwa sawa, sasa analala mdomo wazi na anaamka koo limemkauka. Nifanyeje nipate pua iliyonyooka na pumzi yangu ibaki?

JIBU: Wa alaikum salaam, marahaba mwanangu.

Nianze na lile unalolingoja. Ndiyo, pua yako inaweza kunyooshwa, na ukatoka unahema vizuri kuliko ulivyoingia. Pua iliyovunjika ikapinda, kuinyoosha na kuifungua njia ya hewa mara nyingi ni kazi moja, kwa sababu kilichopindisha mgongo wake ndicho hicho hicho kilichobana ndani. Ninachokiogopa katika barua yako ni maneno mawili: nundu na mabawa. Hapo tunahama kwenye kunyoosha tunaingia kwenye kupunguza, na pumzi za watu nyingi nilizoona zimepotea, zilipotelea kwenye kupunguza.

Shika pua yako hapo ulipo. Weka kidole gumba na cha shahada juu kabisa, baina ya macho, kisha shuka taratibu. Mwanzo utagusa mfupa mgumu. Karibu katikati, pengine hapo hapo penye nundu yako, vidole vitahisi kitu kinachobonyea kidogo. Hapo mfupa umekwisha na gegedu limeanza, ile nyama ngumu inayopindika kama ya sikio. Sasa fikiria nyumba zetu za miti na udongo: paa haliangalii uzuri wa kuta, linataka nguzo na kiambaza cha kati kilichosimama wima. Pua nayo ina kiambaza chake, ukuta wa gegedu na mfupa unaotenganisha tundu mbili. Gegedu za pembeni zimeegemea kwenye kiambaza hicho kama mapaa mawili yanavyokutana juu. Pale yanapokutana, ndani, zaidi kidogo ya sentimita moja kutoka mlango wa tundu, pana upenyo mwembamba kuliko sehemu nyingine zote za njia ya hewa. Nitauita kilango. Katika pua nyingi za Wazungu pembe yake ni nyuzi 10 hadi 15 tu. Zetu kwa kawaida zimepanuka zaidi, nayo ni neema, ila hata sisi kilango ndicho kinachoamua hewa ngapi ipite.

Tena hewa haipungui kwa hesabu ya moja kwa moja. Mrija ukifinywa mpaka upana wake ukawa nusu, kinachopita ndani yake hakibaki nusu; kinashuka mpaka karibu sehemu 1 kati ya 16. Pua si mrija ulionyooka, lakini kanuni ni hiyo, na ndiyo maana milimita moja iliyopotea kwenye kilango mgonjwa huihisi usiku kucha.

Sasa turudi kwa binamu yako, maana umenipa alama kubwa bila kujua: miezi ya mwanzo alikuwa sawa. Mpasuaji anapoondoa nundu, juu hukata mfupa, na chini hukata gegedu, na mara nyingi zile gegedu za pembeni huachana na kiambaza. Siku za mwanzo uvimbe hushikilia kila kitu na mgonjwa anaona mambo mazuri. Kisha uvimbe unashuka, kovu la ndani linaanza kuvuta, na gegedu ambazo hazikufungwa tena kwenye kiambaza zinalala kuelekea ndani. Kilango kinafungika polepole, mwezi kwa mwezi. Sijamwona wala sijui alifanyiwa nini, lakini hadithi yake ndivyo inavyokwenda kwa wengi.

Elimu hii imechelewa kuliko unavyodhani. Upasuaji wa kupunguza pua kwa kupitia ndani umefanyika tangu mwishoni mwa karne ya 19. Jacques Joseph wa Berlin alianza kazi yake maarufu mwaka 1898. Kwa miongo mingi baada yake, kipimo cha mafanikio kilikuwa kioo. Mwaka 1984 Mmarekani Jack Sheen alieleza namna ya kuweka vijiti vyembamba vya gegedu baina ya kiambaza na gegedu za pembeni, ili kilango kibaki wazi baada ya nundu kuondolewa. Vijiti hivyo huchongwa kutoka kwenye kiambaza chenyewe, na kikiwa hakitoshi, kutoka sikioni au ubavuni. Siku hizi kuna pia wanaouhifadhi mgongo wa pua wote na kuushusha ukiwa mzima badala ya kuukata, njia inayofaa baadhi ya pua, si zote. Mpasuaji atakayekuhudumia aweze kukuambia kwa maneno ya kawaida ni ipi ataitumia kwako na kwa nini.

Kabla hujamtafuta mpasuaji, jipime. Najua wengi huruka hapa, kisha baada ya upasuaji hawana cha kulinganisha.

Kwanza, lile tundu la kushoto. Pua za watu wengi hupokezana: upande mmoja huvimba kidogo ndani na mwingine hufunguka, kisha baada ya saa kadhaa hubadilishana. Ukilala ubavu mmoja, tundu la chini huelekea kuziba. Kwa hiyo kwa wiki mbili weka daftari kando ya kitanda. Kila ukiamka andika ni upande upi umeziba na ulikuwa umelalia ubavu gani. Kama kuziba kunahama, sehemu ya tatizo lako ni maumbile ya kawaida, pengine na mzio. Kama ni kushoto daima, hata ukilalia kulia, kiambaza kilichopinda ndicho cha kwanza kushukiwa.

Pili, simama mbele ya kioo, ziba tundu la kulia bila kuisukuma pua, vuta hewa kwa kushoto. Kisha weka vidole viwili shavuni kando ya pua, vuta ngozi ya shavu kidogo kuelekea sikioni, uvute hewa tena. Ikifunguka sana, kilango kina udhaifu. Usikichukulie kipimo hiki kama hukumu, kwa sababu karibu kila mtu huhisi nafuu fulani shavu likivutwa. Daktari ana kipimo kizuri zaidi: kijiti chenye pamba kinaingizwa taratibu, kinanyanyua ukuta wa pembeni kidogo tu, mahali pamoja tu, na wewe unahema. Niliwahi kumfanyia mama mmoja aliyepunguzwa pua miaka kadhaa nyuma huko alikokwenda. Kijiti kilipogusa mahali penyewe aliacha kuvuta hewa kwa mdomo, macho yakamtoka, akasema, “Kumbe ndivyo watu wanavyohema.” Nilipokitoa alinishika mkono nikirudishe.

Tatu, jibu maswali matano. Mwaka 2004 madaktari wa Marekani walichapisha dodoso fupi linaloitwa NOSE, na mpaka leo linatumika sehemu nyingi. Kwa mwezi mmoja uliopita, jipe alama 0 kama si tatizo hadi 4 kama ni tatizo kubwa sana: pua kujaa, pua kuziba, taabu ya kuhema kwa pua, taabu ya kulala, na kushindwa kupata hewa ya kutosha puani ukiwa kwenye mazoezi au kazi nzito. Jumlisha, zidisha kwa 5, utapata namba kati ya 0 na 100. Iandike na tarehe yake. Baada ya upasuaji utajibu tena maswali yale yale, na namba hiyo ndiyo itakayokuambia ukweli ambao picha haiwezi kuusema.

Wewe unacho pia kipimo chako cha nne ambacho wengine hawana. Unafundisha tajwidi, kanuni za kusoma Kurani. Unaijua ghuna, sauti ya nuni na mimu inayotoka kwenye hayshumu, ndani ya pua. Chagua aya ndefu moja unayoizoea, jirekodi kwa simu ukiisoma, uone unafika wapi kwa pumzi moja na ghuna inasikikaje. Rekodi hiyo ihifadhi. Mpelekee mpasuaji wako asikilize, aelewe kwamba pua kwako ni chombo cha kazi.

Kisha uliza nafsi yako kuhusu vumbi na moshi. Nyumba nyingi za Tanga zina udi na ubani, jikoni mkaa, uani vumbi, na walio karibu na viwanda vya katani wanajua unyuzi ule unavyokwenda hewani. Mwenye mzio ambao haujatibiwa akinyooshwa kiambaza atapata njia pana iliyojaa uvimbe. Kama unapiga chafya mfululizo asubuhi na macho yanawasha, mzio utibiwe kwanza kwa dawa ya kupulizia puani kila siku kwa wiki kadhaa, ndipo pua ipimwe upya. Na tafadhali, yale matone ya kuzibua pua yanayouzwa madukani kwa urahisi, usiyatumie zaidi ya siku tatu hadi tano. Ukizidisha, pua huyazoea, na kila yanapokwisha nguvu inaziba kuliko mwanzo. Nimeona watu wanaoomba upasuaji kumbe ugonjwa wao ni chupa iliyomo mfukoni.

Kuna neno utakalolisikia: nyama za puani. Hapa kwetu neno hilo hubeba vitu vingi. Kuna uvimbe usio wa kawaida unaohitaji kutolewa. Kuna tezi za nyuma ya pua za watoto. Na kuna mikunjo ya nyama kwenye kuta za pembeni, ambayo kila binadamu amezaliwa nayo, na kazi yake ni kuipasha joto hewa, kuilainisha kwa unyevu na kuichuja. Mtu akikuambia “una nyama, tutazikata zote,” muulize anasema zipi. Mikunjo hiyo inaweza kupunguzwa kwa kiasi ikiwa imevimba mno. Ikifyekwa yote, mgonjwa anaweza kubaki na pua iliyo wazi kabisa huku akilia kwamba hapati hewa. Sisi huhisi hewa inapita kwa ule ubaridi wake ikigusa utando wa ndani. Utando ukiondolewa, hewa inapita na mwenyewe haihisi. Hali hiyo ni ngumu mno kuitibu, na inaharibu usingizi na furaha ya mtu kwa miaka.

Sasa mabawa. Nitakwambia kama ningemwambia mwanangu wa kumzaa: usiyakate katika upasuaji huo. Pua iliyopinda ikinyooshwa, upana wake huonekana tofauti, na mara nyingi mtu hujikuta hataki tena kile alichodhani anakitaka. Mabawa ndiyo mlango wa nje wa hewa. Yakibanwa sana mlango unakuwa mdogo, na ngozi iliyokatwa hapo hairudi. Pia jiulize hamu hiyo uliipata wapi. Kama ni kwenye picha za simu, jua kwamba simu ikishikwa umbali wa sentimita 30 kutoka usoni huionyesha pua kuwa pana kwa takriban asilimia 30 kuliko ilivyo. Ndivyo watafiti wa Marekani walivyokokotoa mwaka 2018. Mwambie mwenzako akupige akiwa mbali, mita moja na nusu au zaidi, halafu aikuze. Hiyo ndiyo sura wanayoiona wanafunzi wako. Ukingoja mwaka mmoja baada ya kunyooshwa na bado unataka, mabawa yatakuwa palepale yanakungoja. Na ukiwa na kovu lililowahi kuvimba, sikioni ulikotogwa kwa mfano, lazima mpasuaji alijue kabla ya kisu chochote cha ngozi.

Mpasuaji ukimpata, muulize akujibu mambo haya bila haraka. Je, amekupima ndani ya pua kwa taa au kamera, au ameangalia picha za uso tu? Akiiondoa nundu, nini kitashikilia kilango kisianguke? Kiambaza akikinyoosha, ataacha gegedu kiasi gani juu na mbele? Jibu la swali hili la tatu nalipenda sana, kwa sababu linatenganisha wanaojua na wanaobahatisha. Lazima ubaki mhimili wenye umbo la herufi L, upana wake usipungue sentimita moja. Akichukua zaidi, mgongo wa pua unaweza kudidimia kama tandiko. Mwisho, muulize amewarudia wangapi kuwarekebisha. Mpasuaji mkweli ana wagonjwa aliowarudia, na atakwambia. Anayesema hajawahi, ondoka.

Upasuaji wenyewe kwa kawaida hufanywa ukiwa umelazwa kwa nusu kaputi. Sina mengi hapo, ila waambie dawa zote unazotumia, na za mitishamba, na uache aspirini na dawa za maumivu za jamii ya ibuprofeni kwa muda watakaokupangia, maana zinazidisha kutoka damu.

Baada yake ndipo uangalifu wako unapoingia. Plasta ngumu itakaa juu ya pua karibu wiki moja. Pua itaziba kabisa siku za mwanzo, nawe utadhani umepoteza kila kitu. Hujapoteza, ni uvimbe na damu iliyoganda. Lala kichwa kikiwa juu, mito miwili au mitatu. Usipenge kamasi kwa wiki mbili, na chafya ikija fungua mdomo itoke huko. Maji ya chumvi yaliyochemshwa yakapoa, au ya kupulizia kutoka duka la dawa, ndiyo rafiki yako mkubwa kila siku, kwa kiasi daktari atakachokuelekeza. Vaa gauni la vifungo mbele, lisilopita kichwani. Nikabu yenye uzi unaopita juu ya pua, na miwani vilevile, iweke kando mpaka uruhusiwe, maana mifupa iliyonyooshwa inachukua wiki kadhaa kushikana.

Najua utauliza kuhusu sala. Kuinama kunapandisha msukumo wa damu usoni, na kusujudu pua ikigusa mkeka wiki ya kwanza ni hatari ya wazi. Kupandisha maji puani wakati wa kutawadha nako kusubiri mpaka vidonda vikauke. Kwa madhehebu yetu ya Shafi kupandisha maji katika udhu ni sunna, na sala ya kukaa kwa mgonjwa inajulikana, lakini namna ya kupangusa juu ya plasta muulize shekhe wako kabla ya siku ya upasuaji, umpe maelezo kamili. Ningependa pia usipange upasuaji karibu na Ramadhani. Utahitaji kunywa maji mengi, dawa kwa saa zake, na kulala mapema.

Rudi hospitali siku hiyo hiyo, usingoje miadi, ukiona pua imeziba pande zote mbili kwa ghafla huku maumivu yanazidi, au homa, au damu isiyokata. Damu ikijikusanya ndani ya kiambaza hukata chakula cha gegedu, na gegedu linaweza kufa ndani ya siku chache. Ikitolewa mapema pua inaokoka. Hili linahusu pia kila mtoto anayeangukia pua na baiskeli katika mji wetu huu: apelekwe aangaliwe ndani siku ile ile. Na mfupa uliovunjika ukirudishwa mahali pake mapema, ndani ya wiki moja au mbili, mara nyingi hakuna haja ya kuja kwangu miaka 17 baadaye. Silaumu wazazi wako. Maji ya moto ndiyo waliyokuwa nayo.

Hukumu ya pua yako usiitoe kabla ya miezi 12. Ncha yake ndiyo ya mwisho kutulia, hasa kwa ngozi zetu nene. Jaza lile dodoso mwezi wa tatu, wa sita na wa kumi na mbili, na usome ile aya yako.

Kwa hapa Tanga anzia hospitali ya rufaa ya mkoa, Bombo, uchunguzwe na upate barua ya rufaa ya kwenda kwa bingwa wa masikio, pua na koo. Hospitali ya Muhimbili, Dar es Salaam, wana idara hiyo, na hospitali ya KCMC, Moshi, pia. Nenda na daftari lako.

Na huyo binamu yako, mwambie asikate tamaa. Miaka miwili imepita, kovu limeshatulia, kwa hiyo sasa anaweza kupimwa sawasawa. Kama ni kilango kilicholala, gegedu la sikio au la ubavu linaweza kukinyanyua tena. Aje na karatasi zozote alizopewa huko alikofanyiwa, na picha za kabla kama anazo. Asubuhi ya kuja asitie matone yoyote puani, ili nimwone anavyohema kila siku.